Milimita na Magurudumu ya Mzee

Mkamwana wangu anaitwa Milimita. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na mafundi wenzake, na walimpa kwa kumcheka. Wao wakisema "kidogo", yeye huuliza milimita ngapi. Wakisema gurudumu limekaa, yeye huuliza limekaa wapi. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, tena wa mstari wa mbele. Nalisema mwenyewe kabla hajanisemea mtu.

Mimi ni mshonaji, mtaa mzima wananiita Mama Cherehani. Nimekula chumvi nyingi, na miaka arobaini na mitatu katika hiyo nimeila nikiwa dirishani, miguu yangu kwenye kanyagio. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini futi ya kushonea naisoma hata gizani. Mwanangu wa pekee alipokuja kuniambia amepata mchumba, niliuliza huyo binti anafanya kazi gani. Akasema anafunga magurudumu ya magari. Nikamwambia sina muda wa utani, nina sare sita za kumalizia.

Hakuwa anatania. Binti aliletwa, akanisalimia kwa adabu zote, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu atakayeambiwa anyanyuke. Mikono alikuwa ameisugua mpaka imepauka, lakini kwenye mizizi ya kucha kulikuwa na weusi wa grisi usiokubali sabuni. Chai yote niliinywa nikiziangalia zile kucha. Basi wakaoana, kwa sababu mwanangu ana kichwa kigumu, na alikokitoa nakujua. Miaka tisa yeye ananiita Mama, mimi namwita "wewe". Karakana yake iko mtaa wa pili, na nikiwa na safari ya sokoni nilikuwa nazunguka kwa nyuma nisipite mbele yake.

Na nyumbani kwangu niliweka amri moja: gari la Mzee asiliguse.

Mzee ni mume wangu. Aliendesha malori maisha yake yote, na siku alipostaafu alinunua gari kubwa lile, refu kiasi kwamba mimi hupandia kigoda. Nililishonea vitambaa vya viti mwenyewe, viti vyote saba. Lilikuwa gari la kujionyesha. Kisha figo zake zikachoka, na gari la kujionyesha likawa gari la uhai. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, saa mbili asubuhi, Mzee lazima awe hospitali iliyo ng'ambo ya kilima, alazwe kwenye mashine inayomsafishia damu. Barabara ya kilimani ni mawe na mifereji, magari madogo hukataa katikati ya njia. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba siku moja ikirukwa, maji yanapanda kifuani. Tuliruka mara moja tu, mwaka jana, mvua ilipokata njia. Nilihesabu pumzi zake siku hiyo kama ninavyohesabu vifungo, na nikaapa sitahesabu tena.

Sasa, Jumatatu moja, tukirudi hospitali, mwanangu akiendesha, gari likaingia kwenye shimo pale kilimani. Mlio wake niliusikia kwenye meno. Tulifika nyumbani tunachechemea. Rimu, yaani kile chuma kinachobeba tairi, mbili zilikuwa zimepasuka, na zile mbili nyingine zikaonekana ziliwahi kupasuka zamani zikaungwa na mchomeleaji, kabla gari halijawa letu. Zote nne zilikuwa za kutupa. Madukani wakasema rimu za gari lile huagizwa, nisubiri wiki mbili. Wiki mbili zina Alhamisi ngapi? Mimi sikuwa hata na moja ya kupoteza.

Jumanne mwanangu akaenda kufundisha shuleni kwake, akaniambia, "Mama, mwachie mke wangu atafute."

Nikamwambia, "Mke wako ana kazi zake."

Nikachukua futi yangu nikaenda mwenyewe kwenye uwanja wa magari mabovu. Nilimkuta mwenye uwanja amekaa kwenye kiti cha gari ambalo halina kitu kingine. Akanionyesha gari la mizigo lililogongwa ubavuni, bodi imekunjamana lakini magurudumu manne mazima, tairi bado zina meno. Nikapiga magoti nikahesabu matundu ya boliti. Sita, kama ya gari letu. Nikapima kutoka tundu hadi tundu linalolikabili ng'ambo, katikati kwa katikati. Inchi tano na nusu, kama ya gari letu, maana asubuhi nilikwisha kulipima. Mwenye uwanja akasema, "Bibi, umewahi kuwa fundi?" Nikamwambia mimi ni fundi mpaka leo. Nilirudi na magurudumu yangu kwenye mkokoteni, shingo nimeinyoosha, na nilipita mbele ya karakana ya Milimita makusudi ili aone.

Katikati ya kila rimu kulikuwa na tundu moja kubwa, la kuingia kwenye kitovu cha gari, lile bonge la chuma linalotokeza katikati ya boliti. Tundu hilo nililiona. Nililipita kama mtu anavyopita mlango usiomhusu.

Jumatano asubuhi nikamwita Fundi Upesi. Yeye yuko barabarani, hana karakana, ana jeki na mdomo. Aliyafunga magurudumu yote manne kabla chai yangu haijapoa, kwa nati zile zile za zamani zilizokuwa zinang'aa, akapiga teke tairi moja na kusema, "Limekaa kama pete kidoleni, Mama Cherehani." Nikamtazama Mzee aliyekuwa amekaa barazani amejifunika shuka, nikamwambia, "Umeona?"

Mzee akainuka taratibu, akasema anataka kulijaribu kidogo, mpaka dukani na kurudi. Nilipanda pembeni yake. Hatukufika dukani. Usukani ulianza kumtetemeka mikononi kama bakuli mikononi mwa mtoto.

"Gari linachechemea," akasema.

"Ni mikono yako," nikamwambia. "Dawa zile zinakutetemesha."

"Mikono yangu imeendesha tani thelathini, Bi Mkubwa. Ikitetemeka yenyewe naijua, ikitetemeshwa naijua."

Tulirudi nyumbani. Nikaingia jikoni nikabamiza sufuria mbili tatu. Nilipotoka, Milimita alikuwa amesimama uani na ovaroli lake, na Mzee anatazama mawinguni kama asiyejua nani kapiga simu.

Milimita hakunitazama usoni. Alizunguka gari, akaweka kiganja juu ya nati, moja moja, kama mama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Kwenye gurudumu la mbele kushoto akasimama.

"Mama, nani kalifunga hili?"

"Limefungwa."

"Nati mbili zimelegea. Na gari halijafika hata dukani."

"Basi zikaze uende zako," nikasema.

"Nikizikaza zitalegea tena." Akachuchumaa. "Mama, gari hili kesho haliendi na Baba kilimani. Siyo namna hii."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuniambia "haliendi" uani kwangu. Nilimwambia matundu ni sita kwa sita. Nilimwambia inchi ni tano na nusu kwa tano na nusu, nimepima mimi, na futi yangu haijawahi kumpunja mtu. Nilimwambia na mengine ambayo hayana kazi hapa. Yeye alisikiliza yote, kisha akasema kwa upole, "Vipimo vyako ni sahihi, Mama. Naomba sindano moja."

"Sindano ya nini?"

"Ndefu. Na kipande cha sabuni."

Sindano zangu huzihesabu kila jioni kabla ya kufunika cherehani, na sikuwahi kumwazima mtu. Lakini Mzee alikuwa ananitazama. Nikaenda nikamletea ile ndefu ya kushonea magodoro, na sabuni ya kufulia.

Alinyanyua gari kwa jeki, akaliwekea magogo. Akaweka tofali chini ya gurudumu, juu ya tofali sabuni, na kwenye sabuni akachomeka sindano ikasimama, ncha yake ikikaribia ukingo wa rimu. Akasema, "Mama, zungusha wewe. Polepole."

Nikazungusha. Upande mmoja wa rimu ulipita mbali na ncha, mwanga ukaonekana katikati, ungeweza kupitisha vifungo viwili vya shati. Upande wa pili ulipofika, sindano ilikwaruza chuma ikalia, halafu ikapinda. Nikazungusha tena. Mwanga, halafu kilio. Mwanga, halafu kilio. Kitu nilichokiona ni duara, na halikuwa linazunguka kama duara.

Nimewahi kuona mkono wa koti uliokaa vibaya begani, najua jinsi mtu anavyokosa kutulia ndani yake. Lakini koti halimwangushi mtu kilimani.

Akalifungua gurudumu akaliweka chini mbele yangu, akaingiza kidole kwenye lile tundu kubwa la katikati. "Gari hili halikai juu ya boliti, Mama. Linakaa juu ya kitovu. Boliti ni za kushika tu. Rimu hizi ni za gari lenye kitovu kinene, hapa pamebaki milimita mbili kila upande. Kwa hiyo gari zima, na Baba ndani, linaning'inia kwenye boliti."

Nilikuwa nasema na nafsi yangu, na maneno yenyewe yalikuwa makali: mshonaji gani anayepima mabega asipime shingo?

"Na nati," akaendelea, akinipa moja kiganjani. "Hizi zina uso bapa, za rimu za zamani. Matundu ya rimu hizi yameinama kama faneli, yanataka nati yenye kichwa cha mchongoko ikae ndani. Bapa inashika kwa ukingo tu. Ikitikiswa inaachia."

"Basi ni za kutupa," nikasema. Sauti yangu niliisikia ndogo.

"Sijasema hivyo." Akaligeuza gurudumu, akafuta vumbi kwa ndani. Palikuwa na namba imegongwa kwenye chuma. "Unaiona hiyo, Mama? Hiyo ni uzito ambao rimu moja inabeba. Isome."

Nikaisoma, namba zangu hazina shida. Akasema inazidi ya gari letu. Kisha akaomba donge la unga uliokandwa, akalibandika kwenye chuma cha breki, akalirudisha gurudumu, akazungusha, akalitoa. Akakata donge kwa kisu na kupima ukuta wake kwa kipimo chake cha chuma, kile chenye midomo kama ya ndege. "Milimita saba," akasema. "Breki haigusi. Umechagua magurudumu mazuri, Mama. Yanataka pete tu, na nati zake."

Nilimtafuta usoni kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaandika namba kwenye mkono wake kwa kalamu.

Pete aliyoisema si ya kuvaa kidoleni. Ni pete ya aluminiamu, pana kama mdomo wa kopo kubwa, nyembamba ukutani, inayokaa katikati ya kitovu na rimu na kuziba zile milimita mbili. Zilitakiwa nne. Alitaka kwenda peke yake kwa mkereza vyuma, nikavaa viatu nikamfuata.

Karakana ya mkereza ina mashine moja ndefu inayozungusha chuma huku kisu kinakimenya, na maganda yanaanguka kama ya viazi, ila yanang'aa. Mkereza alipomwona Milimita aliinua mikono juu. "Leo nimekwisha," akasema. "Shikamoo mama. Huyu ni nani wako?"

"Mkamwana wangu," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kunitoka mbele ya watu.

"Pole sana."

Pete ya kwanza ilitoka, Milimita akaipima, akamrudishia. "Imezidi nusu."

"Nusu milimita, dada yangu. Hata mke wangu hanipimi hivi."

"Mkeo haendi kilimani na gurudumu lako. Menya tena."

Tulipokuwa tunasubiri ya pili, nilimuuliza nani alimfundisha kazi hii. Miaka tisa sikuwahi kumuuliza. Alisema baba yake alikuwa anabadilisha magurudumu ya malori machimboni, kwenye mawe ya kujengea. Yeye alikuwa anampelekea chakula cha mchana. Siku moja, ana miaka kumi na mmoja, aliona lori linashuka na gurudumu lake moja linalipita lori, liko mbele, linakimbia peke yake, na watu wanalicheka kwa sababu bado hawajaelewa. Lilimkuta baba yake ameinama. "Hakufa," akasema. "Ila mguu waliukata. Gurudumu lile lilifungwa na mtu aliyesema limekaa." Halafu akawa anaokota maganda ya aluminiamu sakafuni na kuyaweka kwenye ndoo, moja moja.

Nikaziangalia kucha zake. Weusi ulikuwa palepale.

Pete tatu zilikuwa tayari, na ya nne imechongwa kwa nje tu, mashine ilipoguna, ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme umekatika. Mkereza akaenda mlangoni, akatazama mtaa, akarudi. "Mtaa mzima. Wiki hii wakikata saa nane, wanarudisha kesho mchana."

Kesho mchana. Mimi nilikuwa na kesho saa mbili asubuhi. Nilitafuta pa kukaa nikakosa, nikaegemea ile mashine iliyokufa, na nikaanza kuhesabu pumzi za mtu ambaye hakuwepo pale.

Milimita aliigeuzageuza ile pete ya nne. Ndani yake tundu lilikuwa bado dogo, halipiti kwenye kitovu. "Imebaki milimita moja na robo, mzunguko mzima," akasema. "Nitaimalizia kwa tupa."

Mkereza akacheka, kisha akaacha. "Kwa mkono? Duara? Utatoa yai."

"Labda. Mama, una chaki ya kushonea nyumbani?"

Hiyo ndiyo kazi niliyoishuhudia mchana ule, na niseme ukweli, sijaona kazi nyingine ya mkono iliyonifanya nisahau kukaa. Alichuchumaa mbele ya kitovu cha gari uani kwangu. Mimi nilikipaka kitovu chaki ya buluu, nyembamba, kama ninavyopaka pindo. Yeye aliisukuma pete mpaka inagoma, akaitoa. Ndani ya pete, pale ilipogusa palibaki doa la buluu. Pale peke yake ndipo alipopitisha tupa, mara tatu, mara nne, kwa pumzi moja. Halafu mimi napaka chaki tena, yeye anasukuma tena, anaangalia tena. Mwanzo madoa yalikuwa mawili. Kisha matano. Kisha nikaona yanaanza kutafutana, kama matone ya mvua kwenye kioo.

Fundi Upesi alikuja kusimama getini. "Mnaoka mkate?" akauliza.

"Unataka kujifunza, ingia," nikamwambia. "Hutaki, toka kwenye mwanga wetu."

Aliingia. Alikaa chini kimya mpaka mwisho, na kwa mtu yule kimya ni kazi ngumu.

Sijui tulipaka mara ngapi. Chaki nzima iliisha, nikavunja nyingine. Vidole vya Milimita vilitoka damu kidogo kwenye vifundo, akavifuta kwenye ovaroli bila kuviangalia. Mzee alikuwa amehamishia kiti chake uani. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa jirani pale pete ilipotoka na, ndani yake, buluu mzunguko mzima, haikukatika popote, kama uzi mmoja. Akaisukuma tena kwa viganja viwili. Iliingia. Haikugonga, haikulegea, ilitoa pumzi ndogo, fff, ya hewa inayotafuta pa kutokea.

"Sikiliza hiyo," Mzee akasema.

Akafunga magurudumu kwa nati mpya za kichwa cha mchongoko, alizozinunua tukirudi, akivuka kwa zamu, moja huku, nyingine ng'ambo yake, kama ninavyobana mkono wa koti kwa pini ili kitambaa kisivutike upande. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo, Mama, ni hivyo hivyo." Mwisho alikaza kwa spana ndefu inayolia tak nati ikifika kiasi chake. Nati ishirini na nne, tak ishirini na nne. Nilizihesabu.

Kisha akarudisha tofali na sabuni, akainyoosha sindano yangu kwa meno, akaichomeka. Gurudumu lile lile la mbele kushoto, lenye pete ya mkono. Akasema, "Zungusha, Mama."

Niliogopa. Nilizungusha kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na gurudumu likaenda. Katikati ya ncha ya sindano na chuma kulikuwa na uzi wa mwanga. Nilisubiri upanuke. Haukupanuka. Nilisubiri ufungike. Haukufungika. Gurudumu lilizunguka na kuzunguka, na uzi ule ulisimama palepale, mwembamba, sawasawa, mpaka ikawa kama chuma hakiendi kabisa ila mwanga umepigwa pasi ukatulia. Nilipiga magoti nikaweka jicho karibu. Miaka arobaini na mitatu natafuta mshono unaokaa hivyo. Nimeupata mara chache sana, na sijawahi kuupata kwenye duara.

"Unaona nini?" Mzee akauliza.

Nikamwachia nafasi aje aone mwenyewe.

Alhamisi tulitoka kukipambazuka. Mwanangu kwenye usukani, mke wake pembeni yake na spana ndefu mapajani, mimi na Mzee nyuma. Chini ya kilima Milimita akamwambia, "Simama."

"Tutachelewa," mwanangu akasema.

"Gurudumu jipya hukazwa tena baada ya mwendo. Simama."

"Msikilize," nikamwambia mwanangu, na kwenye kioo nikaona macho yake yananitafuta kuhakikisha ni mimi niliyesema.

Nilishuka naye. Yeye alipita na spana, mimi nyuma yake na kiganja. Nati zote ziligoma kusogea, zote zilikuwa baridi. Ishirini na nne. Tukapanda kilima. Shimo la Jumatatu lilikuwa palepale linatungoja, na mfereji baada yake, na mawe. Gari liliinama, likainuka, likapita. Usukani haukumtetemesha mwanangu hata mara moja. Nilijikuta nimeshika kitambaa cha kiti kwa mikono miwili. Nilipogeuka kumwambia Mzee tumevuka, alikuwa amelala, mdomo wazi, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kufumba macho gari likiendeshwa na mwingine.

Saa mbili kasorobo alikuwa kitandani, mirija mkononi, mashine inazunguka. Nayo ina kigurudumu kidogo ubavuni kinachosukuma damu. Nilikitazama muda mrefu. Kilikuwa kimekaa.

Nje, kwenye uwanja wa hospitali, nilimkuta mkamwana wangu amelala chali chini ya gari, miguu tu inaonekana, anakagua kwa ndani. Nilikaa kwenye kigoda changu kando ya ile miguu. Nikamuuliza, "Umekunywa chai, mwanangu?"

Miguu ilitulia kidogo. "Bado, Mama."

"Basi toka huko."

Tairi la akiba bado ni la rimu ya zamani, kwa hiyo nati zile za uso bapa hatukuzitupa. Nimelishonea gari mfuko wenye vyumba viwili. Kimoja nimekitarizi duara bapa, kingine faneli, ili mtu yeyote, asome asisome, asichanganye akiwa njiani. Fundi Upesi ameniomba nimshonee wa kwake.

Na sindano yangu ya magodoro haijarudi. Iko kwenye sanduku la vifaa la Milimita, imechomekwa kwenye kipande kile kile cha sabuni, nimeiona. Kila jioni nahesabu sindano zangu, moja haipo, nafunika cherehani.